Haki ya Kubadili Chombo cha Mwenzio

Huku Olbalbal, chini ya milima ya Ngorongoro, mahali yanapoishia maji ya korongo la Oldupai wakati wa mvua, yuko mzee mmoja jirani yetu ambaye hakupata kusoma shule. Herufi hazijui, ila tarakimu azijua. Walakini kwa miaka mingi ametuma fedha kwa simu yake ndogo ya kitochi, wala hakupata kuikosea. Alifundishwa na kijana wake mara moja tu: piga nyota na namba fupi na reli, kisha moja, kisha moja tena, kisha namba ya mtu, kisha kiasi, mwisho namba ya siri. Akayaweka hayo moyoni, kama wazee wetu wengi walivyoiweka moyoni Sala ya Bwana kabla hawajajua kusoma. Kioo cha simu hakukitazama, kwa maana vidole vyake viliijua njia.

Siku moja ya kiangazi alitaka kumpelekea binti yake, asomaye Karatu, shilingi 30,000 za mahitaji ya shule. Akabonyeza kama siku zote, akatia namba ya siri, na mtambo ukakubali bila neno. Jioni binti akapiga simu. “Shikamoo baba. Mbona umeniletea muda wa maongezi wa shilingi elfu thelathini? Nitaongea na nani?” Kumbe kampuni ya simu ilikuwa imeipanga upya orodha ya huduma zake. Palipokuwa pa kutuma fedha pamewekwa kununua muda wa maongezi, na kwa kuwa huduma zote mbili huuliza namba, kiasi na siri kwa utaratibu ule ule, mzee hakuona dalili yoyote kwamba amepotea njia. Maandishi yalikuwapo kiooni, ndiyo. Lakini kwake yeye maandishi ni kama nyayo za ndege juu ya majivu.

Akaja kwetu asubuhi yake, simu mkononi. “Mwalimu,” akasema, “ni nani aliyehamisha mlango wa nyumba yangu usiku?” Hatukuwa na jibu la kumpa, na fedha ile haikurudi. Ndiyo sababu tumeona vema kuuliza hapa, mbele ya wasomaji wetu: je, aliyekifanya chombo anayo haki ya kukibadili wakati kimo mkononi mwa mwingine?

Msidhani kwamba jambo hili ni la mzee mmoja. Kila mwenye simu janja au kompyuta amelionja. Walala jioni ukijua kitufe cha picha kiko wapi, waamka asubuhi hakipo; programu, yaani yale maagizo yaliyoandikwa ndani ya mtambo, yamesasishwa, na kazi uliyoifanya kwa kidole kimoja sasa yataka uitafute kama mbuzi aliyepotea. Hata wataalamu hulalamika. Mwezi wa Oktoba 2012 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa Windows 8, na ndani yake ikakiondoa kile kitufe cha kuanzia kilichokaa chini pembeni mwa kioo tangu mwaka 1995. Watu wengi mno wakanung’unika, hata ilipofika Oktoba 2013, katika Windows 8.1, kitufe kikarudishwa. Hao walikuwa watu wenye sauti, wajuao kuandika malalamiko yao, nao wakasikiwa. Tena wenye mitambo ya namna hiyo mara nyingi huulizwa kwanza kama wakubali kusasisha au la. Mzee wetu hakuulizwa hata hilo, maana ile orodha haimo ndani ya simu yake; imo katika mitambo ya kampuni, mbali sana na Olbalbal, na huko ndiko ilikobadilishwa.

Yatupasa kuwa wa haki na kwa waundaji pia. Hawabadili vyombo kwa uchokozi. Mwezi wa Machi 2017 Microsoft hiyo hiyo ilitoa sasisho la kuziba tundu lililokuwa katika programu zake. Wengi hawakulitia. Tarehe 12 Mei mwaka ule wevi wakapenya kwa tundu lile lile kwa programu mbaya iitwayo WannaCry, wakafunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi nyingi za dunia, na huko Uingereza hospitali zikalazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani bila matibabu. Basi asemaye, “Niacheni na yale niliyoyazoea, sitaki kusasisha kamwe,” asema neno la hatari, tena si kwa nafsi yake peke yake. Anayeacha boma lake bila miiba huwaletea fisi na majirani.

Lakini hapa ndipo tunapoona kosa, nalo twaliona ni kosa la moyo kuliko la ufundi. Kuziba tundu katika ua wa boma ni jambo moja; kuuhamisha mlango wa boma ni jambo jingine. La kwanza latendeka bila mwenye boma kujifunza upya lolote. La pili lamlazimisha mwenyewe apapase gizani nyumbani kwake. Mara nyingi waundaji huyatia yote mawili katika chupa moja, na kusema: ukitaka dawa, kunywa yote. Mtu akikataa fujo, akosa na dawa. (Wala dawa yenyewe haikosi kudhuru: tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja baya la kampuni ya CrowdStrike, iliyowekwa kulinda, lilizima kompyuta zipatazo milioni 8.5, na ndege zikakwama viwanjani. Hilo lakini ni bahati mbaya, na bahati mbaya husamehewa upesi kuliko dharau.)

Tumesema dharau, nasi twataka kulieleza neno hilo, kwa maana ni zito. Mwundaji adhani kwamba chombo ni chake, kwa kuwa yeye amekifanya. Lakini chombo kizima hakumo katika kiwanda tu. Nusu yake imo katika mkono wa mtu anayekitumia, nayo nusu hiyo mwundaji hakuifanya wala hakuilipia. Ilinunuliwa kwa siku za kujifunza, kwa makosa, na kwa aibu ya kumwomba mtoto akuonyeshe. Ujuzi wa vidole vya mzee wetu ulikuwa mali yake, kama ng’ombe wake walivyo mali yake. Siku orodha ilipopangwa upya, mali hiyo ilitwaliwa, wala hakuna aliyeiandika katika hesabu ya hasara, kwa kuwa haionekani.

Korongoni Oldupai, ambako Mary Leakey aliliona lile fuvu maarufu tarehe 17 Julai 1959, yameonekana mashoka ya mawe yasiyo na mpini, yaliyochongwa pande mbili. Wataalamu wasema ya kwamba namna ile ya shoka ilidumu zaidi ya miaka milioni moja. Hatusemi kwamba twatamani kukaa na simu moja muda huo! Ila twafikiri juu ya mkono ulioshika jiwe lile: ulilolijifunza utotoni lilikufaa hata uzeeni, ukamfundisha na mjukuu. Torati yamkataza mtu kusogeza alama ya mpaka ya jirani yake, iliyowekwa na watu wa kwanza. Musa alinena habari za mashamba, twajua, si za simu. Walakini uovu wa kusogeza alama si udongo unaopotea tu, bali ni kumfanya mtu awe mgeni mahali alipokuwa mwenyeji.

Wako watakaotujibu, “Mzee na ajifunze kusoma.” Neno hilo ni kweli, nalo latupiga sisi walimu kwanza. Tena hatuwezi kujifanya hatujapata kusogeza alama za watu. Biblia ya Kiswahili ilipotolewa kwa umoja mwaka 1952 mahali pa zile za zamani, ya Kiunguja na ya Kimvita, waliokuwa wamehifadhi maneno ya kale iliwabidi kuyasikia mengine kanisani. Kazi ile ilikuwa njema, na wengi wetu hatujui nyingine. Ila tazameni tofauti. Hakuna aliyeingia nyumbani mwa bibi kizee usiku na kufuta maneno katika kitabu chake. Kitabu cha zamani kilibaki mtoni mwa kitanda chake, akakisoma hata karatasi zilipochakaa, na jipya akalisikia taratibu Jumapili kwa Jumapili.

Twadhani kampuni zingeweza kufanya vivyo hivyo, wala si kwa gharama kubwa. Namba ya zamani iachwe ifanye kazi yake ya zamani kwa miezi kadhaa, na ile huduma mpya ipewe namba mpya, mwisho wa orodha. Mabadiliko yatangazwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, si kwa ujumbe wa maandishi peke yake, maana anayehitaji zaidi kuonywa ndiye asiyeweza kuusoma. Na kabla ya yote, orodha mpya ijaribiwe kwanza na mtu asiyejua kusoma. Twashuku ya kwamba katika vyumba yanamoamuliwa mambo haya mtu wa namna hiyo hajapata kuketishwa.

Mtoto mmoja wa shule amemwandikia mzee zile namba mpya kwa wino mweusi, tarakimu kubwa, juu ya kipande cha boksi. Mzee akamwomba aandike na zile za zamani upande wa pili. Tulipomwuliza za nini tena, akasema huenda wakazirudisha, akakitia kile kipande ndani ya shuka lake, akaenda kunywesha mbuzi.