Utulivu wa Mijusi Wawili

Mjusi mwenye ndevu wa maeneo makavu ya Australia kwa kawaida hujitenga na wenzake. Wawili wakifungiwa kwenye tangi moja la kioo, mara nyingi mmoja hupanda mgongoni mwa mwenzake chini ya taa ya joto, na mfugaji akaona mapenzi. Kumbe wa juu amenyakua joto, na bila joto chakula hakisagiki tumboni. Mbabe hutikisa kichwa kwa nguvu, ndevu zikageuka nyeusi. Mnyonge huinua mkono mmoja na kuuzungusha polepole, mithili ya mtu anayeaga. Hapigani. Hula makombo, hukonda, pengine hung'atwa kidole au ncha ya mkia.

Je, pasipo ugomvi pana amani? Mwaka 1789 mwanafalsafa Jeremy Bentham aliweka kipimo cha haki ya mnyama kwenye uwezo wa kuumia, si wa kufikiri. Kwa kipimo hicho, kimya cha mnyonge si ridhaa: porini angeondoka tu, ila kioo hakina mlango. Hoja kwamba mjusi wa peke yake huona upweke, inayopendwa sana na wafugaji, ni ya binadamu kuliko ya mjusi. Madume hawafai kabisa kuwekwa pamoja; majike huweza kuvumiliana kwa miezi, kisha mmoja akaanza kukataa chakula.