Kitabu cha Wanyama wa Miombo Kizaliwe Lubumbashi

Ngiri akirudi kulala huingia shimoni kinyumenyume, ili meno yake marefu yabaki yakitazama mlangoni. Shimo lenyewe mara nyingi hakulichimba yeye. Lilichimbwa na muhanga, mnyama wa usiku mwenye masikio marefu na makucha ya kupasua kichuguu, alipokuwa akiwinda mchwa. Muhanga akihama, ngiri anahamia. Nungunungu naye hupata chumba kwa njia hiyohiyo. Na vichuguu vyetu hapa Katanga nani asiyevijua? Vingine vinapita mita 5 kwenda juu, na udongo wake ndio watu wanaofyatulia matofali. Mchwa anajenga, muhanga anachimba, ngiri analala, binadamu anasimamisha nyumba. Hadithi ya picha imekwisha kujipanga, kurasa zake zinahesabika. Imekosa mchoraji na mwandishi tu, na wote wawili wanaishi mjini humu.

Wewe unayesoma ni mmoja wao. Usigeuke nyuma kutazama kama ninasema na mwingine.

Mtoto wa Kamalondo, wa Katuba au wa Ruashi akibahatika kushika kitabu cha picha, aghalabu atakutana na dubu, mbweha na kindi wakigawana njugu kwenye theluji. Ni vitabu vizuri, na mtoto anayevipenda aachwe avipende. Lakini yeye ana msitu wake. Anajua uyoga ambao mama zetu huupanga kandokando ya barabara mvua zikikolea. Anajua viwavi vikavu vya sokoni, asali ya porini kwenye chupa iliyotumika, baiskeli zilizoelemewa na magunia ya makala ya kupikia. Anamjua Kalulu, yule sungura mjanja, kutoka kinywani mwa bibi. Yote haya ni ya msitu wa miombo, na ni mara chache mno ameyaona yamechorwa kwa ajili yake.

Na urafiki umejaa humo kuliko tunavyodhani. Miti mikuu ya miombo haiishi peke yake: mizizi yake imeshikana na uyoga chini ya ardhi, uyoga ukiuletea mti maji na madini, mti ukiulipa uyoga kwa sukari unayoitengeneza majani yakipigwa na jua. Hebu mchoree mtoto wa miaka sita jambo hilo: juu mti, chini nyuzi nyeupe zinazopelekeana chakula, pembeni mama na kikapu chake. Yuko pia yule ndege mdogo anayewaita watu porini, akiruka tawi hadi tawi mpaka kwenye mzinga. Mrina asali anawafukizia nyuki moshi, anachukua asali, na ndege anakula nta. Wao wawili hawana lugha moja, wala hakuna aliyemfuga mwenzake. Wanaaminiana kwa sababu kila mmoja hutimiza sehemu yake.

Hapa niwaombe watakaoandika: msimtilie mtoto sukari kwenye hadithi. Ndege huyohuyo hutaga mayai kwenye viota vya ndege wengine, na kinda wake huwaua makinda wenyeji. Hata kama hutaiandika habari hiyo, ijue, ili usije ukaandika urafiki wa kuchekacheka tu usio na uzito. Bibi zetu hawakutudanganya. Kalulu wa hadithi zao ana marafiki, na pia anakopa asilipe, anakula zamu ya mwenzake, anasingizia. Mtoto anacheka, halafu anakasirika, halafu anauliza, "Sasa wataelewana tena?" Swali hilo lina thamani kuliko kurasa nzima za wanyama wanaoshikana mikono. Mwacheni Kalulu na ujanja wake. Mpeni ukurasa mmoja ambapo amekaa peke yake mbele ya kichuguu na hakuna anayekuja. Kisha tafuteni, kwa bidii yote, ni kwa njia gani atarudi kwa wenzake: atalipa nini, atasema nini, nani atampokea kwanza na nani atakataa.

Nasema kwa bidii yote kwa kuwa mji wetu unaujua uzito wa jambo hili. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na kampuni ya Union Minière ikaleta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya Katanga yenyewe. Watu wa lugha nyingi walijifunza kuazimana chumvi ndani ya lupango moja, na Kiswahili kikawa cha wote. Kisha mwaka 1992 na 1993 siasa zikachochea chuki, watu wenye asili ya Kasai wakafukuzwa Katanga kwa maelfu mengi, na familia zikalala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni. Watoto waliokuwa wakicheza pamoja wiki iliyotangulia walitenganishwa. Wengi wao leo ni wazazi. Mzazi wa namna hiyo hawezi kumweleza mtoto wa miaka mitano mambo ya mwaka 1992, na wala asijilazimishe. Anaweza kumsomea juu ya mnyama aliyeambiwa shimo si lake, na juu ya aliyesogea akampa nafasi. Mtoto atauliza yaliyobaki akikua.

Sasa nani atachora? Swali hilo ni la aibu katika mji huu! Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyoitwa Hangar, hapahapa, wakati mji ukiitwa Élisabethville. Humo Bela Sara alipaka rangi kwa ncha za vidole vyake. Mwenze Kibwanga alijenga watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyopangana. Pilipili Mulongoy alichora ndege, nyoka na samaki juu ya mandhari iliyojaa vialama vidogovidogo, mpaka jicho linasikia kelele za pori. Mwaka 2015 kazi za wachoraji hao zilitundikwa Paris, katika maonyesho ya sanaa ya Kongo ya Fondation Cartier. Chuo chetu cha sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1951, bado kinafundisha vijana. Kijana wa chuo, mkono wako ni wa ukoo huo. Mchoro mmoja wa ngiri anayeingia shimoni kinyumenyume hautakuzuia kufanya kazi zako kubwa.

Na nani ataandika? Mwaka 1965 waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu walikaa wakaandika historia ya mji huu kwa Kiswahili chao, kile cha jikoni na cha barabarani. Aliyeikusanya ni André Yav. Hawakungoja mhariri wa kuwasahihisha. Waliipiga kwa taipureta, wakairudufu, na wataalamu wakaja kuisoma baadaye kwa heshima. Kama wapishi na maboi waliweza kuandika habari za miaka zaidi ya hamsini, mwalimu wa darasa la pili hawezi kushindwa na sentensi thelathini kuhusu muhanga. Andika "bukari", si "ugali", kama watoto wanakula bukari. Andika kama bibi anavyosema. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia, na Kiswahili ni mojawapo. Kwa hiyo hakuna anayekuomba uibe kitu.

Kazi yenyewe ni hii. Chukua karatasi nne za A4, zipange pamoja, zikunje katikati, pigilia pini mbili kwenye mkunjo. Una kitabu cha kurasa 16. Kila ukurasa picha moja na sentensi mbili, zisizidi tatu. Tafuta bibi mmoja akusimulie, mchoraji mmoja achore, mwalimu mmoja apunguze maneno. Kisha mwite mtoto wa jirani, umpe akisome kwa sauti mbele yenu, nanyi mnyamaze. Pale anapokwama, badilisheni sentensi. Pale anapokimbilia kufunua ukurasa unaofuata, mmepatia. Kikikamilika, kipelekeni kwenye fotokopi, rangi nyeusi na nyeupe inatosha kwa kuanzia, watoto wenyewe wana kalamu za kupakia rangi. Nakala ya kwanza iende shuleni, ya pili kanisani au msikitini, ya tatu kwenye lupango ambalo hamsalimiani nalo.

Likizo kubwa ni Julai na Agosti, na darasa linafunguliwa Septemba. Mpigie simu mchoraji unayemjua leo, kabla hajapata kazi nyingine.