Kiongozi wa Kundi la Utafiti

Tusome Danieli sura ya 1, mstari wa 8 mpaka 16.

Danieli na wenzake watatu walikuwa wanafunzi huko Babeli. Hakutaka kujitia unajisi kwa chakula cha mfalme, lakini hakupiga kelele. Alimwomba msimamizi awajaribu siku 10 kwa mboga na maji (mboga tupu, wapendwa, bila samaki), kisha aamue kwa yale atakayoyaona. Huo ulikuwa utafiti kweli! Na kiongozi mwenyewe alikula mboga zile zile.

Ninyi vijana wetu wa chuo kikuu, wakati wa likizo kubwa mnatumwa nyumba kwa nyumba kuuliza habari za malaria na vyandarua. Jua kali, nyumba za mwisho ziko ng'ambo ya mto. Wenzako wanasema: tuketi chini ya mwembe, tujaze karatasi. Sisi wazazi tunasikia mnayosimuliana jioni! Wewe uliyepewa kundi, utafanyaje? Mama wa ng'ambo asipoandikwa, chandarua cha mtoto wake hakitahesabiwa. Vuka wewe kwanza. Na mto ukijaa, andika wazi: hatukufika. Wakubwa watatuma watu siku nyingine.