Hukumu ya Glasi Nyekundu

Oktoba ikiingia wilayani Kilwa, mabibo huanza kudondoka. Wenye mikorosho huikimbilia korosho yenyewe, na bibo, pamoja na maji yake yote, mara nyingi huachwa chini ya mti lioze. Anayelitaka hulikamua kwa mkono juu ya bakuli, akachuja kwa kitambaa cheupe. Akionja palepale, utamu hutangulia, halafu ukakasi ukakwaruza koo. Akitia ndimu, sukari na tangawizi iliyotwangwa, hicho ni kinywaji cha kumpa mgeni wa heshima. Kikisahauliwa kwenye ndoo hadi kesho yake, povu hupanda na harufu hugeuka. Hiyo sasa ni uraka, pombe ya mabibo.

Msimu huohuo wa mabibo ndio wa Halloween. Usiku wa 31 Oktoba baadhi ya kumbi za Dar es Salaam na Nairobi hupambwa mafuvu na utando wa buibui, na wahudumu humimina vinywaji vyekundu. Tuseme kijana wa Njinjo, kwenye barabara ya kutoka Nangurukuru kwenda Liwale, amerudi likizo na anataka kuwaandalia wenzake usiku kama huo nyumbani kwao. Pombe haigusi, yeye ni Mwislamu. Atamimina juisi ya rozela kwenye glasi za shingo ndefu, ataitiririsha kidogo ukingoni ionekane damu, na kila kinywaji atakipa jina la makaburini. Mama yake akimuuliza kama jambo hilo ni halali, atamjibu, “Mama, ni juisi tu.”

Jibu hilo linastahili kupimwa kwa makini, maana swali la mama si la kizamani.

Kuhusu kilichomo ndani ya glasi, kijana yuko sawa. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake wakifuata madhehebu ya Imamu Shafi, na pwani hii inayafuata hadi leo. Wanazuoni wa mji wa Kufa, akiwemo Abu Hanifa, waliwahi kulegeza hukumu kwa baadhi ya vinywaji visivyotokana na zabibu wala tende, mradi mnywaji asifikie kulewa. Shafi hakulegeza: kinacholewesha kikiwa kingi, tone lake pia ni haramu. Kipimo ni kile kinachofanywa na kinywaji, wala si tunda kilikotoka. Ndiyo maana bibo la asubuhi ni halali na la kesho yake si halali, na tembo la mnazi likichacha lenyewe mpaka kuwa siki hurudi kuwa halali. Katika hadithi iliyomo kwenye mkusanyiko wa Imamu Muslim, Mtume alikuwa akirowekewa zabibu majini, akanywa maji yake kwa muda usiozidi siku tatu, na kilichobaki kikamwagwa.

Lakini mama haulizi juu ya juisi. Anauliza juu ya baraza, yaani mkusanyiko wenyewe.

Na hapo anaye mwenzake mkubwa: Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 1111. Katika kitabu chake Ihya, akizungumzia usikilizaji wa nyimbo, anatoa mfano unaofanana kwa namna ya kushangaza na mokteli, yaani kokteli isiyo na kilevi. Watu wamekusanyika, wamepamba baraza, wameleta vyombo vya ulevi na kumweka mnyweshaji azunguke akiwapa vikombe huku wakirushiana maneno ya walevi. Ndani ya vikombe mna sikanjabini, yaani siki na asali. Kinywaji ni halali, asema Ghazali, ila kitendo ni haramu, kwa sababu wamejifananisha na watu wa ufisadi.

Hapo kijana angeshindwa, lau Ghazali hangeendelea. Palepale anataja kaba, vazi ambalo katika nchi fulani lilikuwa la mafasiki, basi likakatazwa huko. Ng'ambo ya mto Oxus halikukatazwa, kwa kuwa huko watu wema walilivaa. Hukumu ya kufanana basi hutegemea mahali, na macho ya watu wa mahali hapo. Njinjo, rozela nyekundu kwenye glasi humkumbusha mtu harusi. Hata neno kokteli, kwa Mtanzania wa kawaida, ni juisi ya parachichi, embe na pasheni. Kwa glasi pekee, kijana hana kosa.

Kuna jambo lililobaki, na ndilo zito: majina ya makaburini. Vilima vya Wamatumbi, jirani na Njinjo, vinajua kinywaji kinavyoweza kubeba maana kubwa kuliko uzito wake. Watu walinyunyiziwa na kunyweshwa maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, na Julai 1905 huko Nandete wakang'oa pamba ya Wajerumani, Vita vya Majimaji vikaanza. Yalikuwa maji na nafaka. Kwa waliokunywa yalikuwa kiapo, na wengi walikufa nayo.

Halloween yenyewe, kwa jina lake, ni mkesha wa Watakatifu Wote. Kipatimu, kwenye misheni ya Kikatoliki, 1 Novemba ni siku ya watakatifu hao na 2 Novemba ni ya kuwaombea marehemu. Waislamu wana hitima na ziara ya makaburi, pamoja na ubani na chai ya tangawizi inayozungushwa kwa wafiwa. Katika nchi hii marehemu ana jina, ana watoto, na kaburi lake huenda liko nyuma ya nyumba hiyohiyo ya sherehe. Kinywaji kiitwacho damu ya maiti, kikinywewa kwa kicheko hatua ishirini kutoka kwa babu, kina la kujibu hata kama ni rozela na sukari tupu. Mama akimwambia mwanawe abadilishe majina na kuacha juisi, atakuwa amemsoma Ghazali vizuri kuliko wengi.

Wageni wakiondoka, ndoo ya juisi ya mabibo waliyokaribishwa nayo itabaki na robo yake. Asubuhi povu limepanda. Mama ataiinua na kwenda kuimwaga shimoni, na huenda jirani akamwita kutoka ng'ambo ya ua, akiomba asimwage yote.