Amana Haifutwi kwa Kidole

Ndugu zangu wa mitaa ya Kibokoni, Kuze na Ndia Kuu, nyinyi wenye zahanati, wenye nyumba za wageni, walimu wa madrasa mnaoandikisha watoto kwenye kompyuta! Mgonjwa aliyekunong'oneza maradhi yake amekukabidhi amana. Mgeni aliyekuachia nakala ya pasipoti amekukabidhi amana. Na hujaitua amana hiyo kwa kubonyeza "futa".

Hifadhidata nyingi zikiambiwa zifute jina, hazilisugui. Huitia alama tu ile nafasi kwamba sasa ni wazi, na jina likabaki pale pale kwenye diski mpaka maandishi mengine yaje kuandikwa juu yake. Huenda yasije. Ni kama kung'oa kibao cha namba mlangoni, na watu wote wamo ndani ya nyumba. Na bakapu ya juzi, je? Jina limo. Orodha uliyomtumia mhasibu kwa WhatsApp? Limo! Mwizi hana haja ya kuvunja chochote. Atainunua kompyuta yako kuukuu, atie programu ya kufufua mafaili, asome majibu ya vipimo vya damu vya jirani yako.

Tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliwaamuru wenye mradi wa Worldcoin wafute alama za miili ya Wakenya walizozikusanya, zikiwemo picha za mboni za macho, ndani ya siku 7, tena chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data. Huo usimamizi, kwangu mimi, ndio uzito wa hukumu ile, kwa kuwa neno tupu la aliyeishika data halitoshi. Nywila ikiibwa utaibadilisha. Mboni utazikwa nayo.

Basi msichukue msichokihitaji. Mkichukua, kifungeni kwa usimbaji tangu siku ya kwanza, ili siku ya kufuta muuharibu ufunguo, na kila nakala iliyofungwa kwa ufunguo huo, popote ilipo, isisomeke tena. Bakapu ziwekeeni siku yake ya kufa. Diski kuukuu isitoke mlangoni mwenu nzima.

Nawe mgonjwa, mgeni, mzazi, usione haya! Kifungu cha 40 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kinakupa haki ya kudai data wasiyostahili kuendelea kuishika ifutwe au iharibiwe. Andika barua. Uliza imefutwa wapi, nakala zake ziko kwa nani, na bakapu itakufa lini. Wakinyamaza, mpelekee Kamishna lalamiko lako.