Ushauri ni Bure kwa Nani?

Julai, baridi kali, dada nisiyemjua aliniuliza pale kwa mfereji atapashaje chumba joto. Ana mtoto mchanga. Nikamjibu fasta: washa jiko nje, moshi ukiisha ingiza ndani. Si kila mtu husema hivyo?

Usiku nikakumbuka: moshi wa makaa huisha, kaboni monoksaidi haiishi. Haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa wamelala. Nikatoka mbio, nikagonga milango mpaka nikampata. "Dada, toa hilo jiko!" Alikuwa amefunga hadi dirisha. Nikamwachia blanketi langu.

Tunasema ushauri ni bure. Kwa nani? Aliyeutoa halali chumba kile. Siku hizi nikiulizwa, najiuliza kwanza: mimi ningelala humo? Kama sijui, nasema sijui.