Maji Yaliyobaki

Somo: Ezekieli 34:17–22

Sura ya 34 ya Ezekieli huhubiriwa sana siku ya kumsimika mchungaji, na mara nyingi mhubiri huishia aya ya 16. Hadi hapo mambo ni matamu kwa wasikilizaji. Mungu anawashtaki wachungaji walionenepa huku kundi likitawanyika, kisha anaahidi kuja kulichunga yeye mwenyewe. Mkulima, mama lishe na mwendesha bodaboda wote huitikia amina, kwa kuwa kila mmoja ana kiongozi wake anayemfikiria wakati huo. Aya ya 17 haina amina nyingi. Hapo Bwana anawageukia kondoo wenyewe na kusema kwamba atahukumu kati ya mnyama na mnyama. Wenye nguvu wamekula malisho mazuri, na kwa hilo hawalaumiwi. Wanalaumiwa kwa kuyakanyaga yale yaliyosalia. Wamekunywa maji safi, na hilo nalo si kosa. Kosa ni kwamba walipokwisha kunywa waliyavuruga kwa miguu yao, na waliokuja nyuma wakanywa tope. Msukuma aliyewahi kuchunga hahitaji kufafanuliwa. Kwenye lambo, kiangazi kikikolea, madume hutangulia na kuingia hadi maji yawaguse tumbo, na ndama akifika hukuta matope.

Yeyote aliyekulia Shinyanga, Kahama au Geita, akaondoka kwa masomo au kazi na kurudi baada ya miaka mingi, ana picha yake ya mto wa nyumbani. Anakumbuka kidimbwi cha kuogelea, kambale aliyevuliwa kwa ndoano na mnyoo, mitungi ya akina mama kando ya maji. Anapofika anakuta shimo la mchanga wa kujengea, au mwalo wa kuoshea mawe ya dhahabu yaliyosagwa, au mkondo mkavu uliokwisha kugeuka njia ya ng'ombe. Huzuni inayomshika ni halali. Lakini huzuni ya namna hii ina haraka ya kutafuta mkosaji, na humtafuta mbali: kampuni, serikali, wageni walioingia na karasha zao za kusagia mawe. Anayehuzunika hujihesabu upande wa walioonewa. Ezekieli anatulazimisha kuuliza swali jingine: ni nani aliyekunywa maji yalipokuwa bado safi? Jibu linauma, kwa sababu anayekumbuka maji safi ndiye aliyeyanywa. Mtoto wa leo anayechota pale pale hana kumbukumbu hiyo. Yeye ndiye kondoo aliyekonda wa aya ya 20. Kumbukumbu yetu nzuri ya utotoni, basi, haituondoi kwenye kesi. Inatuweka kwenye orodha ya waliotangulia kisimani, na waliotangulia ndio wanaoulizwa habari za miguu yao.

Tuuangalie ushahidi, tukianza na samaki, kwa kuwa kisa chake ni cha zamani kuliko machimbo ya leo. Ziwa Victoria lilikuwa na ningu wengi. Ningu huishi ziwani, lakini wakati wa mvua kubwa hupanda mito ili kutaga mayai kwenye mbuga zilizofurika, na watu wa kandokando ya mito walimngojea majira hayo kama wanavyongojea mavuno. Katikati ya karne ya 20 alianza kupungua sana. Nyavu zilikuwa zimetandwa midomoni mwa mito, zikamnasa akiwa njiani kwenda kutaga, mayai yakiwa bado tumboni. Hakukuwa na zebaki katika kisa hicho wala mwekezaji kutoka ng'ambo. Walikuwepo watu wenye njaa ya kawaida na nyavu bora kuliko za baba zao, wakila samaki wa mwaka huo pamoja na wale wa miaka iliyofuata. Kula samaki ni haki, na Yesu mwenyewe alikula samaki baada ya kufufuka. Kuziba mlango anaopitia kwenda kuzaa ndiko kukanyaga yaliyosalia.

Kisha dhahabu. Wajerumani waliiona Geita mwishoni mwa karne ya 19, mgodi ukafanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960, na kuanzia mwaka 2000 ukanda wote ukaamka tena: Geita, kisha Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009. Pembeni ya migodi mikubwa wako wachimbaji wadogo kwenye maduara yao, yaani mashimo wanayochimba, na kazi yao huishia majini. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa mwaloni, zebaki huchanganywa ili ishike chembe za dhahabu, na tonge linalopatikana huchomwa motoni. Zebaki haipotei kwa kuchomwa. Mvuke humwingia anayechoma na walio karibu naye, mwingine huanguka ardhini, na ile zebaki iliyobaki kwenye marudio, yaani mabaki ya unga uliooshwa, husombwa na mvua hadi kijitoni. Huko kwenye tope vijidudu huigeuza kuwa namna ya zebaki inayoingia mwilini mwa samaki na kujilundika. Marudio hayo yakipelekwa kwenye sayanaidi, kemikali ya kutolea dhahabu iliyosalia, kabla ya kuondolewa zebaki, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu sayanaidi huifanya zebaki iyeyuke na kusafiri kirahisi na maji. Utafiti uliofanywa Rwamagasa, Geita, mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa uliwakuta samaki wa karibu na machimbo wakiwa na zebaki nyingi kuliko samaki wa ziwani. Nalitaja hili la ziwani kwa makusudi, kwa sababu mahubiri ya mazingira hupenda kutia chumvi. Ziwa zima halijawa sumu. Kilichochafuliwa zaidi ni kile kijito kidogo kilicho jirani na makazi, ambacho mtoto hukifikia kwa miguu akiwa na ndoano yake.

Hapa pana pingamizi zito, na tusilipite kwa juu juu. Mchimbaji mdogo, watasema, ndiye kondoo aliyekonda mwenyewe. Analala kwenye turubai, anashuka duarani kwa kamba, na mama anayeosha marudio mwaloni na mwanawe mgongoni anatafuta ada na unga. Kumhubiria habari za maji safi ni kumwongezea mzigo asioubeba tajiri. Naona pingamizi hili lina nusu ya ukweli. Ezekieli hapimi unono kwa cheo. Anaupima kwa ubavu na bega, yaani kwa yule awezaye kumsukuma mwenzake kutoka majini. Kwa kipimo hicho mwenye karasha anayekaa mjini, mnunuzi wa dhahabu anayeleta zebaki kwa mkopo ili auziwe kwa bei yake, na mwenye leseni anayechukua sehemu yake bila kujali marudio yamemwagwa wapi, hawa ni wanono kabla ya yule mama. Lakini hata yeye, kwa saa zile anazoosha, yuko juu ya mkondo, na chini yake yuko mama mwingine mwenye ndoo. Mtu aweza kuwa mnyonge mbele ya mmoja na mwenye nguvu mbele ya mwingine siku hiyo hiyo. Hilo halimfanyi mwovu. Linamfanya awe na jirani, na amri ya kumpenda jirani haikuandikwa kwa matajiri peke yao.

Wengine watasema kwamba haya yote yanawasafisha wakubwa. La hasha. Aya 16 za kwanza hazikufutwa na zile zinazofuata. Tarehe 7 Novemba 2022 kingo za bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui zilipasuka, tope likafunika mashamba na makazi ya vijiji vya jirani wilayani Kishapu. Jambo la ukubwa huo halisababishwi na mama wa mwaloni wala halirekebishwi kwa toba yake. Wenye migodi na wenye mamlaka wana hesabu yao mbele za Mungu, na kanisa lisipowaambia hivyo litakuwa limeruka nusu ya sura kwa upande wa pili. Ninachokataa ni ile desturi yetu ya kusimama aya ya 16, kana kwamba wachungaji wakishahukumiwa kundi halina la kujibu.

Pingamizi jingine linatoka kwenye Biblia yenyewe. Mhubiri 7:10 hukataza kuuliza kwa nini siku za kale zilikuwa bora kuliko hizi, akiona kwamba swali hilo halitoki kwenye hekima. Historia ya Shinyanga inampa haki. Hizo siku nzuri tunazozililia hazikuwa bustani ya Edeni. Tangu miaka ya 1920 utawala wa kikoloni uliwaongoza watu kufyeka misitu mikubwa ili kumfukuza mbung'o. Likafuata jembe la pamba na wingi wa mifugo. Miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini na ngitili nyingi, yale malisho yaliyofungwa kwa ajili ya kiangazi, zikabaki bila mwenyewe. Kufikia miaka ya 1980 mkoa ulikuwa ukiitwa jangwa. Mto wa utotoni mwa mtu, kwa hiyo, ulikuwa tayari mto uliojeruhiwa; yeye alikuwa mtoto tu na hakujua. Naafikiana na Mhubiri. Lakini tazama kwamba Ezekieli halinganishi leo na jana hata kidogo. Analinganisha kondoo na kondoo mwenzake wa leo, huyu aliyeshiba na yule anayekunywa tope. Hatuhitaji kuthibitisha kwamba zamani kulikuwa kuzuri ili tujue kwamba mtoto wa Rwamagasa hastahili samaki mwenye zebaki.

Siku hizi kuna pia hoja ya bomba. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yanavutwa kutoka Ihelele, Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga, na ni baraka ambayo hakuna mwenye akili atakayeibeza. Wanawake wengi wamepumzishwa mwendo. Basi kijito kina kazi gani tena? Kazi yake ya kwanza ni kwamba bomba haliendi kila kitongoji, na ng'ombe hawasomi mita. Ya pili ni kwamba ziwa hulishwa na mito. Isanga, unaokusanya maji ya sehemu ya Shinyanga, unamwaga ziwani, na tope lake linakwenda huko huko tunakovuta. Anayesema dunia itateketea kwa moto hata hivyo, akiitaja sura ya tatu ya barua ya pili ya Petro, namjibu kwa ufupi: Petro katika sura hiyo hiyo anauliza inatupasa kuwa watu wa namna gani tunapongojea, na kumwachia jirani tope si sehemu ya jibu lake.

Kwa nini basi nathubutu kusema mambo yanaweza kugeuka? Kwa sababu Shinyanga imekwisha kugeuka mara moja, na waliogeuza walikuwa kundi lenyewe. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986 na kumalizika mwaka 2004. Serikali na wafadhili walileta wataalamu na miche, lakini kilichofanya kazi zaidi kilikuwa kile ambacho wazee walikuwa nacho tangu zamani: kufunga kipande cha ardhi, kukiacha kipumzike, na kuwatoza faini waliovunja mwiko kupitia dagashida, mkutano wa kijiji. Ngitili zilizohifadhiwa zilikuwa takriban hekta 600 mpango ulipoanza. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, na mwaka 2002 mpango ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ngitili si marufuku ya kula. Ni kukubaliana kwamba kitu kibaki kwa ajili ya mwezi mgumu na kwa ajili ya wengine. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kulisha na kukanyaga, na ilifanywa na watu maskini wenye ng'ombe wengi kwenye ardhi iliyochoka. Asiniambie mtu kwamba haiwezekani.

Kwa mto, kipande cha kufunga kimekwisha kupimwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda mita 60 za ukingo dhidi ya shughuli za kudumu za watu, na Tanzania imeridhia tangu mwaka 2020 Mkataba wa Minamata wa kupunguza na hatimaye kuondoa zebaki, unaobeba jina la mji wa Japani ambako watu walilemaa na kufa kwa kula samaki wa ghuba iliyochafuliwa na kiwanda. Hatukosi maandiko, ya Mungu wala ya serikali. Wazee wa kanisa, mabaraza ya parokia na vikundi vya akina mama wa Geita, Kahama na Shinyanga, washirika wenu ndio wenye mialo, wanunuzi wa dhahabu, wenye mifugo na wauza mchanga, na sadaka zao mnazipokea kila Jumapili. Waiteni kabla ya masika. Someni nao aya hizi sita hadi mwisho, kisha mtoke pamoja mkapime hizo mita 60 kwenye mto ulio karibu na kanisa lenu, na mkubaliane mwalo upi unahamishwa kwanza na nani atachangia gharama ya kuuhamisha. Nanyi mnaoishi Mwanza na Dar es Salaam na mnaorudi kila Desemba kuusikitikia mto, mchango wa kwanza utoke kwenu.